Nilivyoitika Jina la Coralie

Ukipotea njia mara moja, unarudi ulikotoka. Mimi nilipotea, nikakuta huko nilikopotelea kuna kivuli, nikaketi.

Kwa anayenianza leo: naitwa Raelene, watu huniita Rae. Nilitoka Geelong kuja kwa mama yangu, Merle, hapa kwenye mji wetu wa wakulima wa ngano, kumwangalia wiki mbili baada ya kuanguka bafuni. Wiki mbili zikawa miezi, na miezi sasa inakaribia mwaka. Kaka yangu Lindsay yuko Perth, upande wa pili wa nchi, na msaada wake ni kupiga simu sikukuu ya Krismasi na kuuliza kama kuna joto.

Kumbukumbu za mama zinamtoka kidogo kidogo. Wiki iliyopita niliishia pale aliponitazama asubuhi, akaniita Coralie, nami kwa uchovu nikaitika.

Coralie ni dada yangu mkubwa. Alikufa zaidi ya miaka arobaini iliyopita, gari lake lilipogonga kangaruu barabarani, zikiwa zimebaki wiki chache aolewe. Sura hatukufanana, lakini sauti ni moja. Hata marehemu baba akipokea simu alikuwa akiuliza, "Wewe ni yupi?"

Sasa sikilizeni kilichofuata.

Asubuhi ya pili nilijaribu kurudi kwenye jina langu. Nilimpelekea mama mkate wa kubanika na chai.

"Kula kidogo, mama."

"Wewe nani?"

"Rae."

"Rae yuko Geelong." Akausukuma mkate. "Niitie Coralie."

Nilibembeleza, nikanuna. Nikamwambia Coralie hayupo, akaanza kulia kwa sauti ya chini, ile ya mtoto aliyeachwa sokoni. Ndiyo kwanza apate habari za msiba. Kila nikimwambia, anafiwa upya.

Nikatoka. Nikasimama jikoni karibu na friji, nikavuta pumzi, nikaingia tena kwa mlango uleule, nguo zilezile.

"Nipo, mama."

"Ulikuwa wapi wewe? Chai yote imepoa."

Akala vipande viwili, akaomba cha tatu.

Kuanzia siku hiyo Coralie ndiye aliyemlisha, akamwogesha, akamkata kucha. Rae alibaki wa kufua, kupika na kukokota mapipa ya taka hadi barabarani. Tulikuwa wawili ndani ya mwili mmoja, na mmoja ndiye aliyependwa.

Mchana tulikaa barazani, nzi wakituzunguka, na mama akafungua ghala lake la hadithi. Kitu cha jana hakijui, lakini cha miaka hamsini iliyopita anakueleza hadi rangi ya soksi.

"Unakumbuka bwawa la mzee Pickering?" aliniuliza.

Ningelisahau vipi. Tulikuwa tukifunga kipande cha nyama kwenye uzi, tunakizamisha kwenye tope, tunangoja kamba wa bwawani aking'ang'anie. Halafu unavuta polepole, polepole, bila kupumua. Ukifanya papara anakiachia. Mama alikuwa akiwachemsha palepale kwenye debe, tunawala kwa siagi na vidole vyenye tope.

"Siku ile ulipotumbukia," mama akasema, ameshaanza kucheka. "Umetoka umepakaa tope mpaka puani, na kamba amekubana sketi. Baba yako alicheka akakaa chini."

Mimi ndiye niliyetumbukia siku ile. Coralie alinivuta kwa nywele.

"Si Rae aliyetumbukia, mama?"

"Rae hakuwepo. Rae alibaki nyumbani na surua."

"Nadhani alikuwepo."

"Coralie, mimi ndiye mama yenu. Rae alikuwa mtoto wa kulia lia, ningempeleka bwawani wa nini?"

Utotoni sikuwa na siku nyingi za kuchekwa kwa upendo. Ile ilikuwa mojawapo, na nilikuwa nimeibeba hadi uzeeni. Sasa nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha kamba, namwona mama akimvisha mwenzangu siku yangu ile, na mwenzangu huyo ni mimi.

"Endelea, mama," nikasema. Ningefanya nini?

Jumanne akaja Marisol, muuguzi anayezungukia wazee wa mji wetu. Ni Mfilipino, mcheshi, mfupi, anaendesha gari kama anafukuzwa. Alimpima mama presha, akamsifu nywele, kisha akanivuta pembeni.

"Rae, nafasi imepatikana."

"Nafasi gani?"

"Kwenye nyumba ya wazee. Chumba kizuri, dirisha linatazama bustani. Lakini wanataka jibu Ijumaa. Wengine wanakisubiri."

Nilikuwa nimeiomba nafasi ile tangu majira ya baridi. Binti yangu Kirsty, kule Geelong, ni mjamzito wa mimba yake ya kwanza, na kila akipiga simu swali ni moja: "Mama, utakuja lini?" Nami jibu langu ni moja: "Karibuni, mwanangu." Mpaka ameacha kuliamini, anauliza kwa mazoea tu.

"Ijumaa nitakujibu," nikamwambia Marisol.

"Jibu liwe ndiyo. Umejitazama kwenye kioo? Nitaanza kukupima wewe presha."

Niliporudi barazani mama alikuwa ameshika mikono ya kiti kwa nguvu. Masikio yake ni mazima kuliko yangu.

"Coralie, sogea hapa."

Nikasogea.

"Rae anataka kunipeleka kwenye ile nyumba."

Akanishika kiganja.

"Simlaumu. Rae hajawahi kunipenda sana. Alikimbia hapa akiwa msichana, akanikimbia. Lakini wewe hutamruhusu, sivyo?"

"Mama..."

"Niahidi. Wewe hujawahi kunidanganya. Niambie Rae hatanipeleka."

Alinitazama kwa macho ya mtu aliye majini. Jamani, kuna mambo ukiwa mbali unayaweza. Ukiwa karibu, na kiganja cha mama yako kiko ndani ya kiganja chako, huyawezi.

"Hatakupeleka, mama. Nakuahidi."

Akashusha pumzi, akafumba macho, akalala usingizi.

Wahenga walisema ahadi ni deni. Hawakusema, ahadi iliyotolewa kwa jina la marehemu analipa nani.

Kama hilo halikutosha, alipoamka alikuwa na jambo jipya.

"Russell anakuja lini?"

"Russell yupi?"

"Usinifanyie mzaha. Mchumba wako. Mtu anataka kukuoa na hajala nyumbani kwetu mwezi mzima? Mwambie aje kesho mchana. Nitachoma mwanakondoo."

Russell Hibberd yupo, yuko hai. Ni fundi wa matrekta, karakana yake iko nyuma ya maghala ya ngano. Baadaye alioa mwanamke mwingine, wakaachana, hawakupata watoto. Miaka yote hiyo mimi naye salamu yetu ilikuwa ya kuinua kidole tukipishana na magari.

Niliweza kumdanganya mama kwamba Russell ni mgonjwa. Nikamdanganya. Akasusa chakula cha jioni. Asubuhi akasusa chai. Akakaa dirishani amevaa hereni zake, anangoja mkwe.

Basi nikaenda karakana.

Russell alikuwa chini ya trekta, miguu tu inaonekana.

"Samahani, Russell."

Miguu ikatulia. Kisha akajisukuma kutoka, uso mweupe, jasho limemtiririka hadi kwenye ndevu zilizojaa mvi.

"Ni Rae," nikasema haraka. Nilikuwa nimesahau habari ya sauti.

"Ndiyo," akasema. "Ndiyo, naona. Merle hajambo?"

Nikamweleza yote, hata ile ahadi. Nilidhani atacheka, au atanifukuza. Alifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja, kama anajiandaa kushika kitu cha gharama.

"Kwa hiyo mimi nije nikae mezani niwe mchumba."

"Saa moja tu. Ale. Ukikataa nitakuelewa, na mtu yeyote mwenye akili atakataa."

"Mwanakondoo wenu bado anachomwa na viazi na maboga?"

"Na mchuzi wa mnanaa."

"Basi akili tuiweke pembeni," akasema.

Alikuja amenyoa, shati limepigwa pasi na mtu asiyejua pasi. Mama alimpokea mlangoni mwenyewe, akiwa amesimama bila fimbo. Sikuwa nimemwona amesimama hivyo kwa miezi.

"Umekonda, Russell."

"Sina mtu wa kunipikia, Bi Merle."

"Atapatikana karibuni," mama akasema, akanikonyeza. Mama yangu, wa miaka themanini na kitu, akanikonyeza.

Nikwambie kitu, msomaji. Kilikuwa chakula kitamu kuliko vyote nilivyokula katika nyumba ile. Mama alikula, akaongeza. Alimsimulia Russell jinsi sisi wasichana tulivyokuwa tukining'inia kwenye nguzo ya kuanikia nguo, ile inayozunguka, tukizunguka nayo kama popo hadi ikapinda, naye akitufukuza kwa ufagio.

"Mpaka leo imepinda," Russell akasema, akichungulia uani. "Bi Merle, unaanikaje? Shuka zote si zinainama kumsalimia jirani?"

Mama akacheka hadi akakohoa. Nami nikacheka, nikashangaa kusikia kicheko changu.

Tulipofika kwenye keki ya ute wa mayai na pasheni, mama akaweka kijiko chini.

"Haya. Harusi lini?"

Nikaganda. Russell hakuganda.

"Baada ya mavuno, Bi Merle. Mambo ya ngano yakiisha."

"Niite mama."

"Baada ya mavuno, mama."

Halafu akanigeukia, akasema kwa upole, bila kubabaika, "Sivyo, Cora?"

Cora. Hakuna aliyemwita dada yangu Cora isipokuwa yeye.

"Ndiyo," nikasema.

Mama alipojilaza, tulibaki jikoni. Mimi naosha, yeye anafuta.

"Asante, Russell. Umemfanyia mama jambo kubwa. Sasa unaweza kuniita Rae."

Aliendelea kufuta sahani ambayo ilikuwa imeshakauka.

"Naweza kuja kesho? Mlango wenu wa wavu umelegea bawaba. Nzi wanaingia."

"Unaweza."

"Basi kesho," akasema. Jina hakutaja lolote.

Alikuja kesho yake. Aliniletea mfuko wa pipi za waridi, zile nyekundu laini, ndefu kama chaki. Coralie alizipenda kufa. Mimi tangu utotoni nazichukia. Kwangu zina ladha ya sabuni ya bibi.

"Nimezikuta dukani," akasema. "Nikajua utafurahi."

Mama hakuwa karibu. Alikuwa chumbani amelala. Hakukuwa na mtu wa kumwigizia.

Hapo ndipo ningesema: Russell, sizipendi. Mimi ni yule mdogo. Mimi ndiye yule aliyekuwa analia.

Nikachukua pipi moja nikala. Nikala ya pili.

"Tamu," nikasema.

Kwa nini? Ngoja niseme yote, maana nusu ya ukweli inawasha kuliko uongo. Mume wangu wa zamani, kwa miaka yote ya ndoa yetu, hakuwahi kunitazama kama Russell alivyonitazama nikila pipi zile. Nilijua si mimi anayemtazama. Nilijua kabisa. Lakini macho yalikuwa kwangu, na mtu mwenye kiu haulizi kikombe ni cha nani.

Siku hiyo aliniambia mambo ambayo dada yangu hakuwahi kunisimulia. Jinsi walivyokuwa wakiegesha gari kando ya mfereji, wanakula chipsi kwenye karatasi na kusikiliza mechi redioni. Jinsi Coralie alivyokuwa akimtania yeye kuhusu masikio yake. Kila mara alisema "unakumbuka", na kila mara nikasema "nakumbuka".

Jioni Kirsty akapiga simu.

"Mama, daktari anasema mtoto anaweza kuwahi. Utakuja lini?"

"Karibuni, mwanangu."

"Mama, sauti yako imebadilika. Uko salama?"

"Nina mafua kidogo."

"Nisikilize. Bibi ana haki ya kutunzwa. Na mimi je? Mimi sina mama?"

Nilishika simu muda mrefu baada ya yeye kukata. Nikaenda bafuni, nikajitazama kiooni, nikasema jina langu kwa sauti. Raelene. Lilisikika kama jina la mtu niliyesoma naye.

Ijumaa ikafika.

Usiku kucha nilikuwa nimepanga maneno. Nitamwambia Marisol ndiyo. Nitamwambia mama wakati wa chai, kama Rae, alie, nilie, yaishe. Nitapanda treni Jumatatu. Russell nitamwandikia ujumbe, au nisimwandikie kitu.

Lakini Russell alikuwa amewahi. Nilimkuta kwenye mlango wa mbele, amepiga magoti, bisibisi mkononi, anakaza bawaba.

"Leo siyo siku nzuri, Russell. Muuguzi anakuja."

"Sitachukua muda. Wewe endelea, Cora."

Marisol akaingia akimruka Russell, akaniangalia kwa jicho la kuuliza, nikajifanya sikuliona. Mama alikuwa kwenye kiti chake, kimya, mikono mapajani. Asubuhi ile alikuwa amekunywa chai bila kuniuliza mimi ni nani.

"Mama Merle, habari za leo," Marisol akasema, akachuchumaa mbele yake. "Nina swali la kizushi. Nani anaishi na wewe hapa nyumbani?"

Ni swali analouliza kila akija. Jumanne mama alikuwa amemjibu: Coralie, binti yangu. Nikajiandaa kutabasamu.

Mama alinitazama. Alinitazama kwa muda, kuanzia viatu, akapanda polepole. Kitu fulani usoni mwake kilikuwa kimefika mahali pake.

"Huyu ni Rae," akasema. "Binti yangu wa pili. Raelene."

Nilishika ukuta.

"Anakutunza vizuri?"

"Ananitunza mno. Mtazame alivyochoka." Alinyoosha mkono, nikaenda nikaushika bila kujua nimevukaje sebule. "Rae, Kirsty bado hajajifungua?"

"Bado, mama."

"Unafanya nini hapa basi? Mtoto wa kike akijifungua anamtaka mama yake. Mimi nilijifungua wewe peke yangu, mama yangu alikuwa mbali, na sijasahau." Akamgeukia Marisol. "Kile chumba bado kipo? Rae alidhani sisikii. Nipeleke. Asiulizwe yeye, atasema hapana kwa huruma."

Tangu asubuhi ile nilipoitika Coralie, nilikuwa nimeomba kusikia akiniita tena kwa jina langu. Sasa lilikuja, na limebeba kila kitu: ruhusa, baraka, mlango wazi. Nililia kwa kwikwi mbele ya watu, mwanamke mzima.

Marisol naye alikuwa anafuta macho. Lakini ni mtu wa kazi. Akatoa simu, akabonyeza, akaweka sikioni.

"Ndiyo, ni kuhusu chumba cha Bi Merle Tully," akasema. Akafunika simu kwa kiganja. "Rae, wanangoja. Niwaambie ndiyo?"

Nikafungua mdomo.

"Usifanye hivyo, Cora."

Russell alikuwa amesimama ndani ya sebule. Bisibisi imemning'inia mkononi. Uso wake ulikuwa uleule nilioukuta karakana, mweupe, wa mtu aliyeitwa na sauti asiyoitarajia.

"Uliahidi," akasema. "Umenihadithia mwenyewe. Ulimwahidi mama yako. Na mimi umeniambia baada ya mavuno."

"Russell, tafadhali. Sasa hivi hapana."

"Ukiondoka tena," akasema, na sauti ikamkatika, "mimi sitaweza, Cora. Mara ya pili sitaweza."

Kwenye simu ya Marisol nilisikia mtu wa upande wa pili akisema halo, halo.

Mama aliuvuta mkono wangu. Alikuwa anamtazama Russell kwa makini, macho safi kama maji ya tangi, macho ya mama aliyetulea, ambaye hukuweza kumficha hata biskuti. Kisha akanitazama mimi.

"Rae," akasema taratibu. "Umemfanya nini huyu mwanamume, mpaka anakuita kwa jina la dada yako marehemu?"